Mitungi Sita

"Minne haitoshi, Mama," alisema karani Zefania bila kuinua macho kwenye daftari lake. "Kamati imeandika sita. Ukileta minne, nafasi yako nampa mwingine."

Felista alikuwa amesimama mbele ya meza, kwenye baraza la jumbe wa Ilongero, na tayari alikuwa amemwamkia shikamoo kijana huyo ambaye yeye Felista angeweza kumzaa. Si kwamba alipenda. Karani mwenye soksi ndefu na kalamu mfukoni, ukimpa "hujambo" tupu, jina lako huchelewa kuandikwa. Wanawake wote waliopanga foleni siku ile walilijua hilo, na Zefania naye alilijua, maana aliitikia "marahaba" kwa sauti ya kumfikia kila mtu.

Jambo lenyewe, ukilisikia, lilikuwa zuri. Wakubwa walikuwa wameamua mwaka ule yawepo Maonyesho ya Kiangazi pale mjini Singida: mbio za baiskeli, kuvuta kamba, ngoma za kila upande, beni ya askari. Halafu pembeni mwa kiwanja vijengwe vibanda vya wafanyabiashara wadogo wa kienyeji, mmoja wa asali, mmoja wa samli, mmoja wa vyungu, mmoja wa pombe, ili nao wainuke. Neno hilo la kuinuka Zefania alilisema mara tatu. Mgeni mkubwa angetoka Dodoma kuja kuwaona watu walioinuka.

"Sita nitaleta," alisema Felista.

"Jumamosi ya wiki ijayo. Asubuhi. Na uvae kanga safi."

Akapewa kibali chenye muhuri. Kusoma hakujua, lakini alikikunja kwa uangalifu na kukifunga kwenye pindo la nguo, akaenda zake nyumbani akijiuliza mitungi miwili ya ziada ataitoa wapi.

*

Mwaka ule, wa nne tangu vita iishe, mvua ilikatika mwezi wa pili na haikurudi tena. Mtama ulisimama mashambani ukiwa na masuke madogo kama kidole cha mtoto. Kufikia kiangazi, kwenye kihenge cha Mughwai na mkewe Felista kulikuwa kumebaki kiasi cha kuwafikisha mwezi wa tisa, wakila mara moja kwa siku, na binti yao Selina, wa miaka saba, alikuwa ameshajifunza kutouliza chakula kabla hajaona moshi.

"Uupike wote?" aliuliza Mughwai. Alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, aliyezoea kuongea na ng'ombe zaidi kuliko watu. "Mtama wote, Mama Selina?"

"Wote. Ukiliwa, unakwisha mwezi wa tisa, halafu tunakaa tunatazamana. Ukinywewa siku moja na watu elfu, tunanunua mahindi ya njano ya serikali, magunia mawili, pengine matatu. Tunafika mavuno."

"Na isiponyweka?"

"Tangu lini pombe yangu haikunyweka?"

Na ilikuwa kweli. Kutoka Ilongero mpaka mipakani kwa Wanyiramba, watu walijua pombe ya Felista. Walikuwepo wazee walioanza safari jana yake wakisikia kwamba kesho anachuja.

"Haya," alisema. "Mtama upike. Lakini mbegu hiyo isiguswe."

Aliinua kidevu kuonyesha juu. Kwenye dari, juu ya mafiga, yalining'inia mafungu matatu ya masuke, meusi kwa moshi, wadudu wasiyasogelee. Ilikuwa mbegu ya mama yake. Bibi yule alimkabidhi Felista mbegu hiyo siku alipoolewa, na tangu hapo kila mavuno masuke yaliyo bora yalipanda darini na ya zamani yakashuka kwenda shambani. Mwaka wa nzige ilibaki pale juu. Mwaka wa vita, wanaume walipochukuliwa na watu wakala mizizi, ilibaki pale juu. Mama yake Mughwai alikufa akiwa na njaa huku mbegu ikimwangalia.

"Nani kasema itaguswa?" alijibu Felista.

Lakini mtama wa kihenge ulipopimwa ulitosha mitungi minne tu. Minne na kidogo. Aliupima tena kwa kibaba kingine, akapata ileile.

Basi Mughwai alipokwenda kunywesha ng'ombe, Felista aliweka kigoda juu ya kinu, akapanda. Akayashusha mafungu yote matatu, akayapukuchua upesi upesi kwenye ungo, akapepeta. Kisha masuke matupu akayafunga tena kwa kamba zilezile, kwa mafundo yaleyale, akayarudisha darini. Ukiyatazama kutoka chini, meusi vile, usingejua lolote. Alikuwa na mpango. Pesa ikishapatikana, kabla ya kununua hata chumvi, angekwenda Nduguti kwa watu wa shangazi yake anunue mbegu nzuri, aifunge, aipandishe. Mvua ingeikuta pale. Mughwai hangejua mpaka kufa kwake, na kama angejua, angejua akiwa ameshiba.

Akailoweka mbegu ile pamoja na mtama wa kihenge. Alikuwa mwanamke mwaminifu, na ile ndiyo mara ya kwanza kumficha mumewe kitu kikubwa kuliko senti kumi.

*

Pombe ya mtama ina siku yake moja. Kimea unaweza kukitengeneza mapema, ukakianika, ukakisaga, kikakungoja. Lakini ukishaupika uji na kuuchanganya na kimea, huna tena mamlaka. Unaanza Jumapili, Jumamosi inaiva. Ijumaa bado ni tamu ya watoto. Jumapili ni ya walevi wasio na pua. Jumatatu hata nguruwe anafikiri mara mbili. Kazi yote ya mpika pombe ni kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya wanywaji, na Felista alihesabu vizuri, kama alivyohesabu miaka kumi na tano.

Ijumaa asubuhi walifunga mitungi kwenye punda watatu, mmoja wa kwao wenyewe na wengine wawili wa kuazima kwa jirani, Elina. Selina walimwacha kwa Elina huyohuyo na bakuli la machicha ya pombe. Walikwenda polepole ili pombe isitikisike, wakalala Mandewa kwa binamu ya Mughwai, na Jumamosi jua likichomoza walikuwa kiwanjani, Felista kwenye kanga yake safi.

Kiwanja kilikuwa kitupu.

Kulikuwa na miti imechimbiwa, na kamba ya katani imezungushwa, na vibanda vinne visivyo na paa. Wafungwa wawili walikuwa wakifagia vumbi kutoka upande mmoja kulipeleka upande wa pili. Mughwai alimtazama mkewe. Mkewe alitazama miti.

"Labda tumewahi," alisema Felista.

Wakangoja. Jua lilipanda. Mnamo saa tatu alipita Zefania na baiskeli yake, akasimama, akawatazama punda.

"Ninyi mmefuata nini?"

"Shikamoo, karani. Tumeleta pombe. Mitungi sita."

"Marahaba. Si maonyesho yameahirishwa? Gari la mgeni limeharibika Manyoni. Ni Jumamosi ijayo. Tangazo limebandikwa tangu Jumatano."

"Limebandikwa wapi?"

"Mjini. Ubaoni."

"Sisi tunakaa Ilongero, mwanangu," alisema Mughwai. "Na hatusomi."

Zefania alikunja uso, si kwa ukali bali kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo halimo kwenye daftari. "Tangazo lilibandikwa," alirudia. "Leteni Jumamosi ijayo, nafasi yenu ipo."

"Pombe haingoji Jumamosi ijayo," alisema Felista. Sauti yake ilikuwa ya taratibu bado. "Hii imeiva leo. Kesho haifai."

"Basi pika nyingine."

Alisema hivyo kama mtu anayemwambia mwenzake akateke maji mengine. Halafu akapanda baiskeli yake.

*

Felista hakukaa chini kulia. Alikitoa kibali, akamwendea askari aliyekuwa akiwalinda wafungwa, mtu mzima aitwaye Marko.

"Nisomee hapa, baba. Kinasema siku gani?"

"Kinasema leo."

"Na mahali?"

"Hapa kiwanjani."

"Basi niuze. Leo ndiyo leo, na hapa ndipo hapa."

Marko alikisoma tena, midomo ikicheza. Alikuwa mtu wa huruma kidogo, ukimtoa kwenye kofia. "Mama, hiki ni kibali cha maonyesho. Maonyesho yako wapi?"

"Si ninyi mmeyaondoa?"

"Hayapo. Kama hayapo, kibali nacho hakipo. Ukiuza kata moja nitakukamata, na mimi sitaki kukukamata."

Mjini pombe iliuzwa mahali pamoja tu, kwenye klabu ya Melkizedeki, nyuma ya soko. Felista akaenda huko, akamwacha Mughwai akiwasogeza punda wafuate kivuli cha mti wa kibanda. Melkizedeki alimsikiliza mpaka mwisho, akaomba kuonja, akaonja. Alifumba macho.

"Hii ni pombe," alisema.

"Nichukulie, kwa bei yoyote unayoona."

Melkizedeki alimwonyesha ndani kwa mkono. Wanawake wanne walikuwa wamekaa nyuma ya mapipa yao. "Leo ni zamu ya hawa. Wamengoja wiki tatu. Nikiingiza yako, ya kwao nani ataigusa? Sema wewe mwenyewe, Mama, niwafanyeje?"

Mmoja wa wanawake wale alikuwa na mtoto mgongoni, na alimtazama Felista kwa hofu, kwa hofu kabisa, kama mtu anayemwona mwizi mlangoni. Felista akashindwa kuendelea. Angewaambia nini? Alimshukuru Melkizedeki, akarudi kiwanjani kwa njia ndefu ili Mughwai asiuone uso wake upesi.

Adhuhuri povu lilianza kusukuma majani waliyofunikia midomo ya mitungi. Ndiyo saa yake nzuri, saa ya wazee kuvua kofia na kukaa. Harufu ilitembea kiwanja kizima. Wafungwa waliacha kufagia. Felista akachota kata mbili akawapa bure, na Marko akageuka kutazama mlima. Mughwai naye alikunywa, kisha akampa mkewe, wakanywa wote wawili. Ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupika. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Ingekuwa mbaya angepata la kujilaumu, tofauti na lile alilokuwa nalo tayari moyoni.

Jumapili asubuhi, waliporudi kutoka Mandewa kwenye mitungi waliyoiacha kiwanjani, pombe ilikuwa siki. Wakaibeba kwenda kuimwaga ukingoni mwa kiwanja, na hata hapo haikuwa rahisi, maana Zefania alitokea kanisani na Biblia yake kwapani.

"Si hapo. Mgeni atapita hapo, patanuka. Kamwageni kule miibani."

Wakaibeba mitungi mmoja mmoja, hatua mia mbili, mpaka miibani. Mtungi wa sita Felista aliuinamisha mwenyewe. Mughwai alidhani wanamwaga chakula cha miezi miwili. Mkewe alijua wanamwaga na mwaka ujao.

"Mitungi iacheni hapa," alisema Zefania. "Na wewe Mama, Jumamosi uje."

"Nije na nini?"

"Wewe njoo. Jina lako limeshachapwa kwenye kitabu cha mgeni. Usipokuja, kibali cha kupika Ilongero usahau."

*

Jumamosi ile watu walijaa kweli. Ngoma zilipigwa, baiskeli zilikimbia, vijana wa Mandewa walivuta kamba mpaka ikakatika. Wenye maduka makubwa waliuza soda na biskuti chini ya turubai, mbele kabisa. Vibanda vya wenyeji vilikuwa nyuma ya kamba, na kwenye kibanda cha nne alisimama Felista na mitungi yake sita. Ilikuwa imejaa maji.

Hilo lilikuwa wazo la Zefania. Asubuhi aliwatuma wafungwa kisimani, wakaijaza mpaka shingoni, wakaifunika majani mabichi, na juu ya kila mtungi ikalazwa kata. Watu waliokuja kutaka kunywa walifukuzwa na Marko. "Bado," aliwaambia. "Mpaka mgeni apite."

Alipita saa sita. Alikuwa Mzungu mnene, mwekundu kwa jua, na macho yake hayakuwa mabaya. Alisimama mbele ya kila kibanda, akauliza swali moja, akaitikia kwa kichwa. Alipofika kwa Felista alitazama mitungi ile, iliyopangwa vizuri, na kanga ile safi, akaonekana kufurahi. Akasema kitu.

"Anauliza, inachukua siku ngapi kuitengeneza?" alitafsiri Zefania.

"Siku saba."

Mgeni akasema tena.

"Anasema Waafrika kama wewe ndio wataiinua nchi hii. Anauliza una neno?"

Mughwai, aliyesimama nyuma ya kamba na watu wengine, alimwona mkewe akinyoosha mgongo.

"Mwambie haya ni maji," alisema Felista. "Mwambie pombe niliileta siku mliyoniambia, ikaharibika kwa sababu mmeihamisha siku na hamkutuma mtu. Mwambie tulipika mtama wetu wote. Mwambie nyumbani kwangu kuna mtoto na hakuna kitu. Hatuombi zawadi. Tunaomba mtama wetu."

Alilisema lote polepole ili kijana apate muda. Zefania alimgeukia mgeni, akasema maneno matatu, manne hayakufika.

Mgeni akatabasamu, akampa mkono.

Felista hakujua Kizungu, lakini kupima alijua. Ndiyo kazi yake. Alijua alichomimina na alijua kilichofika. Alitaka kuufunua mtungi, aukate uongo wa kijana yule kwa kata moja ya maji. Lakini Zefania alikuwa akimtazama, jasho juu ya mdomo, na midomo yake ikisema bila sauti: kibali. Felista akaushika mkono wa mgeni. Beni ikapiga. Ikatangazwa kwamba kibanda cha pombe kimekuwa cha kwanza kwa usafi na mpangilio, na mshindi akaletewa zawadi yake, imefungwa karatasi.

Lilikuwa jembe jipya, la dukani, bado na mafuta ya kiwandani.

*

Miezi iliyofuata sitaieleza sana. Waliuza ndama, wakala ndama. Waliuza ng'ombe mmoja kwa bei ambayo mwaka mwingine isingekupatia hata mbuzi, maana kila mtu alikuwa akiuza. Machicha yalikwisha, wakaja kwenye mizizi. Selina alivimba miguu, ikapungua, ikavimba tena.

Felista alikwenda Nduguti kwa miguu kuomba mbegu kwa watu wa shangazi yake. Walimkaribisha, wakampa maji, wakamwonyesha dari lao. Waliokuwa na mbegu waliipiga hesabu ya mashamba yao wenyewe, na hakuwalaumu. Kwa Elina alikwenda mara mbili. Mara ya pili Elina alimwambia, "Mwenzangu, mbona unatafuta mbegu na kwako ninayaona mafungu matatu juu ya mafiga?" Felista akasema alikuwa akiulizia tu, kwa ajili ya ndugu.

Na Mughwai, mtu wa ajabu, katika miezi hiyo ndipo alipoanza kuongea. Hakumlaumu mkewe hata mara moja. Alichonga mpini wa mtalawanda, akauchomeka kwenye jembe lile, akaenda kulima kila alfajiri na tumbo tupu, akapindua shamba lote na kipande cha pori juu yake. Jioni alirudi akakaa karibu na moto na kutazama juu.

"Mtama umekwenda, sawa," alikuwa akisema. "Lakini mbegu ya mama ipo. Na jembe tumepata. Mvua moja tu, Mama Selina. Mvua moja nzuri."

Kila akisema hivyo, Felista alifungua mdomo kumwambia. Kila akifungua, alimwona mtoto akimsikiliza baba yake, akaufunga. Alijiambia kesho. Akajiambia Jumapili. Ilifika mahali hakuweza tena, kwa sababu maneno yale ya Mughwai ndiyo yaliyokuwa yakiliwa pale nyumbani, hapakuwa na kingine.

Mvua ilikuja mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Ilinyesha tangu magharibi, ikatulia, na kulipopambazuka ardhi yote ya Ilongero ilinuka vizuri. Kutoka kila upande zilisikika sauti za majirani wakiitana kwenda kupanda. Elina alipita na watoto wake nyuma, kila mmoja na kibuyu kiunoni.

Mughwai alikuwa amesimama mlangoni, jembe begani, mwembamba kama mpini wenyewe, na alikuwa anacheka. Felista hakukumbuka lini alimwona akicheka.

"Mama Selina," aliita. "Nishushie mbegu."

Felista aliweka kigoda juu ya kinu. Akapanda. Alifungua fundo la kwanza, la pili, la tatu, mafundo aliyoyafunga mwenyewe. Akashuka. Akampa mumewe mafungu yote matatu kwa mikono miwili, kama mama mkwe alivyompa yeye.

Mughwai aliweka jembe chini, akapokea. Mikono yake ilikuwa imejiandaa kwa uzito, ikapanda juu yenyewe.